Injini za sataranji na majedwali ya miisho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mchezaji aliyewahi kuona injini, yaani programu ya kompyuta inayocheza sataranji, ikiandika 200 pembeni mwa ubao badala ya kusema chekimeti iko hatua ngapi mbele, akabaki anajiuliza kuna nini. Vijana ninaowafundisha huniuliza maswali haya kila mara, na nimeona kwamba majibu mengi yanayozunguka huchanganya mambo mawili: kujua kwamba umeshinda, na kuijua njia ya kumfunga mfalme. Injini huyatenganisha, na atakayeyatenganisha naye atayaelewa mengine yote bila shida.

Kuhusu maneno: kete ni mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Hatua moja ni Mweupe kusogeza na Mweusi kujibu. Ninapotaja idadi ya kete, wafalme wote wawili wamo.

Jedwali la miisho ni kitu gani hasa?

Ni faili lenye jibu la kila hali inayoweza kutokea ubaoni kete zikishabaki chache. Injini inapopima hali ya kawaida hukadiria: inasema Mweupe yuko mbele kidogo, au Mweusi amebanwa. Jedwali halikadirii, linajua.

Chukua mfalme na ngome dhidi ya mfalme aliye peke yake. Ukiziondoa hali zinazojirudia kwa kuugeuza ubao, na zamu ikiwa ya Mweusi, zinabaki hali 28,056 tu. Kila moja imeandikiwa matokeo yake wote wawili wakicheza bila kosa lolote. Jedwali linaonyesha kwamba, zamu ikiwa ya Mweupe, hata mahali pabaya kabisa kwake chekimeti haizidi hatua 16. Kwa malkia ni hatua 10. Kwa maaskofu wawili ni 19, na kwa askofu na farasi ni 33.

Majedwali kamili ya leo yanafika kete 7, na ndani yake mna hali zaidi ya trilioni 400.

Yanatengenezwaje? Kuna mtu aliyekaa akazicheza hali zote hizo?

Hapana. Yanatengenezwa kwa kuanzia mwisho na kurudi nyuma, na hapo ndipo penye uzuri wake.

Kompyuta huanza kwa kupanga kete kwa kila namna inayoruhusiwa, kisha inatafuta hali ambazo tayari ni chekimeti. Hizo inazitia alama. Halafu inajiuliza: ni hali zipi ambazo mwenye zamu anaweza kusogeza kete moja na kufika kwenye hali hizo? Hizo ni chekimeti kwa hatua moja. Kisha swali linageuzwa upande wa pili: ni hali zipi ambazo anayejitetea, asogeze atakavyo, ataangukia tu kwenye zile alizokwisha kushindwa? Tofauti ya maswali hayo mawili ni muhimu. Anayeshinda anahitaji njia moja tu inayofika; anayeshindwa lazima njia zake zote ziwe zimefungwa. Kompyuta inarudi nyuma hivyo, zamu kwa zamu, mpaka isipate hali mpya ya kutia alama. Zilizobaki bila alama zote ni sare. Hakuna anayeithibitisha sare moja kwa moja: sare ni kile kilichobaki baada ya ushindi kumalizwa kuhesabiwa.

Kuna mpangilio wa lazima katika kazi hii. Kete ikiliwa, mchezo unahamia kwenye jedwali dogo zaidi. Askari akipandishwa cheo kuwa malkia, unahamia kwenye jedwali la malkia. Kwa hiyo huwezi kutengeneza jedwali la mfalme na askari dhidi ya mfalme kabla ya kuwa na yale ya malkia na ngome. Majedwali hujengwa kama nyumba, kuanzia msingi.

Ili kuokoa nafasi, hali yenyewe haiandikwi. Mahali pa kila kete panageuzwa kuwa namba, na namba hiyo ndiyo anwani ya jibu ndani ya faili. Pasipo askari, ubao unaweza kugeuzwa na kupinduliwa kiasi kwamba mfalme mmoja anawekwa kwenye miraba 10 tu badala ya 64, na wafalme wawili kwa pamoja wana namna 462 tu za kukaa. Askari akiwemo, faida hiyo karibu yote inapotea, kwa kuwa yeye huenda upande mmoja tu. Kinachobaki ni kubadilishana kushoto na kulia.

Nani walianzisha kazi hii?

Richard Bellman, mwanahisabati wa Marekani, alieleza wazo la kurudi nyuma kutoka mwisho mwaka 1965. Thomas Ströhlein wa Ujerumani aliliweka kwenye vitendo katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1970, kwa miisho ya kete 3 na 4. Aliyeifanya dunia ya sataranji ishtuke ni Ken Thompson wa maabara ya Bell Labs, ambaye pia ni mmoja wa waanzilishi wa mfumo wa kompyuta wa Unix.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Thompson alikuwa na jedwali la malkia dhidi ya ngome. Vitabu vilisema mwisho huo ni ushindi kwa malkia, na kila bingwa aliamini hana haja ya kujiuliza. Walter Browne, bingwa wa Marekani, alikubali kucheza na malkia dhidi ya kompyuta iliyoshika ngome kwa kufuata jedwali. Hatua 50, ambazo zikipita bila kete kuliwa wala askari kusogezwa mchezaji anaweza kudai sare, zikaisha, ngome bado iko ubaoni. Kompyuta ilikuwa inajitetea kwa namna ambayo binadamu hawakuwahi kufundishana: iliipeleka ngome mbali na mfalme wake, pale ambapo vitabu vilisema ni makosa. Browne akaenda kujifunza upya, akarudi, na mara ya pili akaila ngome kwenye hatua ya 50 kamili. Jedwali lilikuwa linahitaji 31.

Kwangu mimi kisa hiki kinazidi takwimu zote zilizokuja baadaye. Bingwa hakukosea kuhusu matokeo, maana mwisho ule kweli ni ushindi. Njia ndiyo aliyokuwa haijui, na ndiyo tofauti ile niliyoitaja mwanzoni.

Baadaye Thompson aliendelea na kete 5. Moja ya matokeo yake lilihusu maaskofu wawili dhidi ya farasi. Tangu mwaka 1851, waandishi wa sataranji Kling na Horwitz walipoonyesha boma la ulinzi ambalo farasi anaweza kujikinga ndani yake, wachezaji waliuhesabu mwisho huo kuwa sare. Jedwali likasema kwa kawaida maaskofu wanashinda, ila huenda ikawachukua hadi hatua 66 kumla farasi.

Majedwali ya Eugene Nalimov ndiyo yaliyotawala miaka ya 2000, kete 6 zikamalizika. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Serikali cha Moscow walimaliza kete 7 kwa kompyuta kuu iitwayo Lomonosov. Faili zao zilikuwa TB 140 (TB 1 ni kama GB 1,000). Mwaka 2013 Ronald de Man alitoa majedwali yaitwayo Syzygy, ambayo ndiyo yanayotumiwa na karibu injini zote leo, na mwaka 2018 Bojun Guo akamaliza kutengeneza Syzygy ya kete 7.

Sasa injini inayatumiaje inapocheza?

Nitaeleza kwa Stockfish, kwa kuwa msimbo wake uko wazi na ndiyo wengi wetu tunaitumia. Inayatumia mahali pawili, kwa njia mbili tofauti.

Mahali pa kwanza ni ndani ya fikra zake, wakati ubaoni bado kuna kete nyingi. Tuseme mna kete 11. Injini inapekua mamilioni ya njia, na baadhi ya njia hizo zina kubadilishana kete mpaka zinabaki 7 au pungufu. Ikifika hapo, badala ya kuendelea kuhesabu, inauliza jedwali: ushindi, sare au kushindwa? Jibu linarudi na tawi lile linafungwa. Kwa hiyo jedwali linaathiri uamuzi kabla mwisho wenyewe haujafika ubaoni. Injini inajua kwamba kubadilishana ngome sasa kunaleta mwisho wa askari ulio sare, na kwamba kubadilishana maaskofu kunaleta ushindi, hata kama ushindi huo uko hatua 40 mbele, mbali kuliko inavyoweza kuona kwa macho yake. Watu wengi hudhani majedwali yanafanya kazi mwishoni tu. Ukweli ni kwamba kazi yake kubwa yanaifanya wakati mtazamaji bado anaona ubao umejaa.

Kuna sharti: Stockfish huuliza jedwali ndani ya fikra pale tu ambapo kete imetoka kuliwa au askari ametoka kusogezwa, yaani hesabu ya hatua 50 iko sifuri, na hakuna upande wenye haki ya kumficha mfalme kwa kubadilishana naye na ngome. Majedwali hayana hali zenye haki hiyo. Na jibu la ushindi au sare limeandikwa kwa kudhani hesabu inaanza upya. Sharti hilo halipotezi mengi, kwa sababu kuingia kwenye kete 7 kutoka kete 8 hakuwezekani bila kete kuliwa.

Mahali pa pili ni pale hali iliyo ubaoni yenyewe imeshakuwa na kete 7 au pungufu. Hapa injini inafungua faili la aina nyingine, linaloonyesha umbali, na kuzipanga hatua zote inazoweza kucheza: hizi zinahifadhi ushindi, hizi zinaharibu. Zinazoharibu zinatupwa. Kisha, na hili halisemwi vya kutosha, miongoni mwa zile zinazohifadhi ushindi kwa usalama injini inarudi kufikiri yenyewe na kuchagua. Jedwali limeweka uzio. Kutembea ndani ya uzio hadi kwenye chekimeti ni kazi ya injini.

Kwa nini basi inaonyesha 200 badala ya chekimeti kwa hatua kadhaa?

Kwa sababu jedwali limeiambia kwamba ni ushindi, lakini halikuiambia chekimeti iko wapi. Stockfish inapopata jibu la ushindi kutoka kwenye jedwali hutoa alama karibu na 200, namba kubwa ambayo hakuna kete zinazoweza kuifikia, ili ujue chanzo chake si makadirio. Ikishaiona chekimeti yenyewe kwa kuhesabu, alama inabadilika na kuwa idadi ya hatua.

Kwenye taarifa za injini kuna pia neno tbhits. Hiyo ni idadi ya mara ambazo jedwali limejibu. Ikiwa ni sifuri huku ubaoni kuna kete 5, majedwali yako hayajaunganishwa vizuri.

Mbona jedwali lisiandike tu umbali wa chekimeti?

Mengine huandika. Ya Nalimov na ya Lomonosov yanahesabu umbali hadi chekimeti, na humo ndimo ilipopatikana ile chekimeti ya hatua 549, malkia na askari dhidi ya ngome, askofu na farasi. Shida yake ni mbili. Kwanza ni ukubwa: Nalimov ya kete 6 ilikuwa zaidi ya TB 1, Syzygy ya kete hizohizo ni kama GB 150. Pili, umbali hadi chekimeti haujali sheria ya hatua 50, kwa hiyo unaweza kukuelekeza kwenye chekimeti nzuri ambayo mpinzani ataidai kuwa sare kabla hujafika.

Syzygy inahesabu kitu kingine: umbali hadi hesabu ya hatua 50 irudi sifuri, yaani hadi kete iliwe au askari asogee, au mchezo uishe kwa chekimeti. Kwenye mwisho wa ngome dhidi ya mfalme mtupu, hakuna cha kuliwa wala askari, kwa hiyo umbali huo ndio umbali wa chekimeti. Penye askari, mambo yanageuka. Tuseme una ngome na askari dhidi ya mfalme mtupu, na kuna chekimeti kwa hatua 3 kwa kutumia ngome. Mtu anayefuata umbali wa Syzygy kikasuku atamsogeza askari, kwa sababu kufanya hivyo kunarudisha hesabu sifuri mara moja na ushindi unabaki palepale. Si kosa, ila inaudhi kutazama. Wakati mwingine njia hiyo inatoa kete kubwa sadaka bila sababu inayoonekana, kwa kuwa mpinzani akiila, hesabu inaanza upya na bado ameshindwa.

Ndiyo maana Stockfish haifuati umbali huo kikasuku. Hatua zote zenye ushindi ulio salama ndani ya hatua 50 zinapewa daraja moja, kisha injini inatafuta chekimeti miongoni mwake.

Sheria ya hatua 50 inaingiaje humu?

Sheria inasema: zikipita hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, mchezaji anaweza kudai sare. Majedwali yalipoonyesha miisho inayohitaji zaidi ya hapo, FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, iliongeza idadi ya hatua kwa baadhi ya miisho katika miaka ya 1980, kisha mwaka 1992 ikarudisha 50 kwa yote. Naona walifanya sawa. Mchezaji aliyekaa saa 5 mezani hawezi kubeba orodha ya miisho yenye sheria zake kichwani.

Kwa sababu hiyo Syzygy ina majibu matano, si matatu. Kati ya ushindi na sare kuna ushindi uliolaaniwa: unashinda kama hakuna sheria ya hatua 50, lakini kwa kuwa ipo, mpinzani ataokoka. Upande wa pili unaitwa kushindwa kulikobarikiwa. Kwenye Stockfish kuna mpangilio unaoitwa Syzygy50MoveRule. Uache ukiwa umewashwa isipokuwa unachambua nadharia tupu.

Nipe mfano mmoja ninaoweza kuupanga ubaoni.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1895, uliochapishwa Glasgow na kukamilishwa na padri Mhispania, Fernando Saavedra. Mweupe: mfalme b6, askari c6. Mweusi: mfalme a1, ngome d5. Mweupe anaanza.

Askari anakwenda c7. Ngome inacheki kutoka d6, mfalme anashuka b5. Ngome d5 cheki, mfalme b4. Ngome d4 cheki, mfalme b3. Ngome d3 cheki, mfalme c2. Sasa cheki zimeisha na askari yuko hatua moja kutoka kupandishwa cheo. Mweusi anacheza ngome d4, na huo ni mtego. Mweupe akichukua malkia kwenye c8, ngome inakwenda c4 na kucheki. Malkia akiila, mfalme wa Mweusi hana pa kwenda na hayuko kwenye cheki. Sare.

Jibu ni kuchukua ngome kwenye c8 badala ya malkia. Sasa kuna tishio la chekimeti kwenye a8. Ngome ya Mweusi haina budi kujikinga a4, na mfalme anakwenda b3: anatishia kuila ngome ile, na papo hapo anatishia chekimeti kwenye c1. Mweusi hawezi kuzuia yote mawili.

Panga hali ile ya kabla ya askari kufika c8 na uulize jedwali. Kwa malkia litakujibu sare, kwa ngome litakujibu ushindi. Halikuwaza hata kidogo. Lilipotengenezwa, hali ya malkia akiwa c8 na zamu ya Mweusi ilibaki bila alama, kwa sababu Mweusi alikuwa na mlango mmoja wa kutokea, na mlango mmoja unatosha kuwa sare.

Nipakue majedwali yapi?

Ya kete 3, 4 na 5. Kwa pamoja ni chini kidogo ya GB 1, na yatakufaa kwa karibu kila unachofundishwa kuhusu miisho. Kwa anayenunua bando la simu, GB 1 ni gharama ya mara moja inayovumilika. Kete 6 ni kama GB 150. Hizo tafuta mtu mwenye diski nazo mkanakiliane. Kete 7 ni kama TB 17 au 18, na mtu binafsi hazimhusu.

Kila mwisho una faili mbili. Lenye mkia .rtbw linabeba ushindi, sare na kushindwa, na ndilo linaloulizwa ndani ya fikra. Lenye mkia .rtbz linabeba umbali, na linaulizwa kwa hali iliyo ubaoni. Pakua yote mawili. Injini yenye faili la kwanza tu inajua imeshinda, na bado inaweza kuzungukazunguka bila kusonga mbele.

Weka faili kwenye diski ya SSD. Injini husoma vipande vidogovidogo kutoka sehemu tofauti za faili mara maelfu, na diski ya kuzunguka huchelewa hadi injini inafikiri polepole kuliko ingekuwa bila jedwali. Kama huna SSD, ongeza thamani ya SyzygyProbeDepth ili jedwali liulizwe mara chache. Njia ya folda unaiandika kwenye SyzygyPath. Ukimaliza kupakua, linganisha namba za uhakiki zinazotolewa pamoja na faili. Mtandao ukikatika katikati unaweza kubaki na faili bovu.

Sina kompyuta, nina simu tu.

Inatosha. Tovuti ya sataranji ya Lichess imeweka majedwali ya kete 7 kwenye seva zake na hayalipiwi. Fungua ubao wa uchambuzi, panga hali yako, kisha fungua kitabu cha mianzo. Kete zikiwa 7 au pungufu, sehemu ileile hugeuka kuwa jedwali. Utaona hatua zote zimepangwa kuanzia zinazoshinda, zinazotoka sare, hadi zinazopoteza. Kila swali linatumia data kidogo mno.

Injini za leo zina mitandao ya neva, yaani hujifunza kupima hali kutokana na mifano mingi. Bado zinahitaji majedwali?

Zinahitaji kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Stockfish bila majedwali inashinda karibu kila mwisho ambao ni ushindi, na nguvu inayoongezeka kwa kuwa nayo ni ndogo. Lakini kukadiria vizuri si kujua. Kwenye maboma ya ulinzi, ambako upande mmoja una kete nyingi na hauwezi kupenya, injini inaweza kuendelea kudai iko mbele kwa muda mrefu sana, huku jedwali likisema sare tangu mwanzo. Isitoshe, mitandao yenyewe imefundishwa kwa msaada wa majedwali: michezo ya mafunzo ya Leela, injini nyingine, husahihishwa matokeo yake kwa Syzygy, na data za Leela zimetumika kuufundisha mtandao wa Stockfish. Ujuzi wa jedwali umeingia ndani hata unapoizima.

Kete 8 zitafika lini? Na kete zote 32?

Kwa kete 8 kazi ya sehemusehemu imeshafanyika, ila seti kamili haipo. Kila kete inayoongezwa inakuza faili takribani mara mia moja, na hilo ndilo linaloamua.

Kete 32 usizingoje. Lakini drafti imefika. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwamba drafti ya miraba 64 kwa sheria za Kiingereza ni sare wote wakicheza bila kosa. Walitumia jedwali la kete 10 lenye hali trilioni 39, huku injini ikihesabu kutoka mwanzo kwenda kukutana nalo. Wachezaji wa drafti wa vijiweni kwetu wana sheria zao, ambapo mfalme anaruka mbali, kwa hiyo uthibitisho ule hauwahusu moja kwa moja.

Kutumia jedwali ni udanganyifu?

Katika mchezo unaoendelea dhidi ya mtu, ndiyo, sawa na kutumia injini. Baada ya mchezo ni mwalimu wako.

Nifanye nini ili jedwali linifundishe, lisiwe la kutazama tu?

Nilipoteza pointi nusu kwenye mashindano kwa sababu ya askofu na farasi. Nilijua ni ushindi, nilijua mfalme lazima apelekwe kwenye kona ya rangi ya askofu, na nilidhani hayo yananitosha. Mpinzani alikimbilia kona nyingine, nikazungukazunguka naye, hatua 50 zikaisha. Nyumbani niliuweka mchezo wote kwenye jedwali. Nilikuwa na chekimeti ya hatua 27 mwanzoni. Baada ya hatua 10 ilikuwa bado 27. Kila hatua niliyocheza ilikuwa "inashinda", na hakuna iliyokuwa inasogea.

Tangu hapo ninafanya hivi na wanafunzi wangu. Panga hali, mpe mwanafunzi kete zenye nguvu, na umwache ajibiwe na jedwali. Asiangalie hatua ipi ni bora. Aangalie namba moja tu baada ya kila hatua yake: umbali umepungua, umebaki, au umeongezeka? Unapoongezeka, asimame hapohapo, arudishe kete, na aseme kwa maneno yake mwenyewe nini kimetoroka: mfalme amepata mraba upi, farasi ameacha kulinda upi. Akishindwa kueleza, ndipo afungue orodha ya hatua.

Anza na maaskofu wawili kabla ya askofu na farasi. Kisha malkia dhidi ya ngome, ule wa Browne. Weka saa, hesabu hatua 50, na jedwali lishike ngome.